Tulisaini kwa Kuona Haya

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka roshani ya ghorofa ya nne, Orlando, Florida. Wenzangu wote wamelala. Fataki za Disney zilikwisha kitambo, ila mimi usingizi umenipaa.

Mimi na mume wangu ni watu wa pwani ya Kenya na huu ni mwaka wetu wa tisa Ohio. Tuna watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 2. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Lamu, safari yake ya kwanza ya ndege. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akapiga simu: "Nina wiki yangu Orlando, mwaka huu siendi. Ichukueni bure mkamtembeze mama." Wifi ana taimushea, ile nyumba ya likizo ambayo wanunuzi wanagawana mwaka kwa wiki, kila mtu na zamu yake. Aliinunua mwaka 2016. Hoteli yenyewe iko ubavuni mwa Walt Disney World, lile eneo kubwa la bustani za burudani, na kwenye kipeperushi imeandikwa kuwa ni jirani.

Tuliendesha gari siku mbili. Tulipofika, sikufichi Mjomba, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Vyumba viwili vya kulala, jiko kamili, mashine ya kufulia na ya kukaushia, na beseni la kuogea ambalo mama alilibatiza kisima. Nje kuna bwawa la kuogelea ambalo watoto hawalitoki. Usiku wa kwanza mama alipika mwenyewe, tukala sebuleni miguu juu kama tuko kwetu.

Mambo yalianzia mapokezi. Tulipopewa funguo, tukaambiwa twende meza ya pili tukachukue kadi ya kuegesha gari. Nilidhani ni meza ya maegesho. Akatupokea dada mmoja mchangamfu, akauliza watoto wanaitwa nani, mama anatoka wapi, kisha akasema kuna zawadi: tukihudhuria kikao cha dakika 90 tutapata kifungua kinywa na punguzo la dola 200 kwenye tikiti za Disney. Sharti ni mume na mke waje pamoja. Dola 200 si haba kwa watu kama sisi. Tukakubali.

Jumatatu saa tatu asubuhi tukaenda. Muuzaji wetu alikuwa mtu mzima, mpole, wala hakuzungumzia kuuza kwa saa nzima. Alitumiminia kahawa kwa mkono wake. Alitusimulia jinsi alivyomuuguza mama yake hadi mwisho. Akamuuliza mume wangu: "Mama yako ana umri gani? Mnadhani mmebakiwa na likizo ngapi pamoja naye?" Mume wangu macho yakamjaa maji. Ndipo karatasi ikatolewa. Tukaandikiwa kwamba hoteli ya wiki moja kwa familia yetu ni dola 2,500, na kwa miaka 20 ni dola 50,000 zinazotupwa kwenye mali ya mtu mwingine.

Bei ya kwanza ilikuwa dola 34,000. Tulipokataa akaja meneja, ikawa 27,000. Tukakataa tena, meneja akaondoka, akarudi na 21,000, akasema bei hiyo inakufa tukivuka mlango. Kila mara meza fulani ikinunua, kengele inagongwa na watu wote wanapiga makofi. Saa zilikwenda. Mtoto mdogo analia chumba cha michezo, mimi kichwa kinagonga. Mume wangu akaniangalia. Mjomba, nilisaini karatasi nisizozisoma kwa sababu yule bwana alikuwa amenikirimu tangu asubuhi, nami nilishindwa kumwambia hapana usoni. Tulitoka saa saba na nusu. Tulilipa kianzio cha dola 2,100 kwa kadi ya mkopo. Zilizobaki, 18,900, ni mkopo wao wenyewe wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15, dola 305 kwa mwezi. Ada ya matengenezo ni dola 1,240 kwa mwaka. Wakatupa boksi zuri lenye mkataba na flashi ya hati nyingine.

Leo ni Alhamisi. Nilipomwambia mume wangu roho yangu haijatulia, alisema ni rasilimali, tutawarithisha watoto, na tukiwa wamiliki tutakuwa tunaingia Disney mapema kabla ya umma. Kibaya zaidi, mama ameshatuma ujumbe wa sauti Lamu kwamba mwanawe amenunua nyumba Marekani. Simu za hongera haziishi. Na jana wifi ameniambia kwa furaha kwamba yeye atapata pointi kwa kutuleta. Kumbe ile wiki ya bure haikuwa ya bure. Siku hiyo hiyo akaongeza kwamba, kama tumeipenda, tunaweza kuchukua na ya kwake, yeye imemchosha.

Je, tunaweza kujitoa? Tukijitoa tutamtazamaje wifi, na mama tumwambie nini? Tuna siku mbili tu zimebaki hapa na nimeshindwa hata kuifurahia likizo yenyewe.

Aliyesaini kwa Haya, Orlando

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni, wenye barua za wapenzi wanisamehe, wao hawana saa inayowakimbiza. Wewe unayo.

Ndiyo, mnaweza kujitoa. Mkataba wa taimushea uliosainiwa Florida unatawaliwa na Sura ya 721 ya sheria za jimbo hilo, na sheria hiyo inampa mnunuzi siku 10 za kutengua mkataba bila adhabu na bila kutoa sababu. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zinahesabika. Zinaanza tangu mliposaini au tangu mlipopokea hati ya mwisho mliyostahili kupewa, ile iliyochelewa kati ya hizo mbili. Wewe usiende kwenye hesabu ya kuchelewa. Mlisaini Jumatatu, basi jiwekee kwamba mwisho ni Alhamisi ijayo, kisha fanya kama mwisho ni kesho.

Sasa fungua lile boksi zuri. Toa mkataba, nenda ukurasa wenye saini zenu. Karibu na saini kuna maneno yaliyokolezwa yanayosema mna haki ya kutengua, na hapo hapo pana jina na anwani ya kupelekea taarifa. Kama mkataba wenu unataja jimbo lingine au idadi nyingine ya siku, fuata ulichoandikiwa, maana kila jimbo lina hesabu yake. Andikeni barua kwa Kiingereza. Sentensi tatu zinatosha: sisi fulani na fulani, tuliosaini mkataba namba kadhaa tarehe kadhaa, tunautengua, tunaomba tulichokilipa kirudishwe. Tarehe ya leo, saini ya mume, saini ya mke. Msieleze kwa nini, msiombe radhi, na msiandike neno "tunafikiria".

Pelekeni posta kwa rejista, yenye risiti ya kutumwa na kadi ya kurudi inayothibitisha imepokelewa. Kwa Florida taarifa inahesabika tangu siku ilipotumwa, hivyo muhuri wa posta ndio shahidi wenu. Piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha. Marejesho ya fedha sheria imeyawekea siku 20 tangu mdai, au siku 5 tangu malipo yenu yathibitike benki, ile inayokuja baadaye. Mimi si wakili, na ukipata wa kukuangalizia ni vizuri, lakini usikae kumsubiri wakili hadi siku ziishe.

Jambo moja nakusihi. Msiende kutoa taarifa kwa mdomo pale ofisini kwao. Nimefanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli ya aina hiyo kwa miaka mitatu, na nimewaona waliokwenda "kuongea tu". Wanaingizwa chumba kingine, kahawa nyingine, meneja mwingine mpole zaidi, na wanatoka na mkataba mpya wa bei ndogo kidogo, na saini mpya. Wakikupigia simu, sema tumeshaandika, asante, kwaheri. Na yeyote akikuambia kuna karatasi mliyosaini ya kuikana haki hiyo, sheria inasema karatasi hiyo ni batili. Punguzo la tikiti ni lenu, mlililipa kwa saa nne na nusu za maisha yenu. Zawadi yoyote mliyopewa kwa kununua irudisheni, msiwaachie pa kushikia.

Mume wako simlaumu. Hesabu aliyoonyeshwa imeandikwa na anayeuza. Mkae mfanye nyingine pamoja, taratibu, kwenye ile meza ya jikoni. Dola 305 mara miezi 120 ni dola 36,600. Ongeza kianzio, 38,700. Ongeza ada ya matengenezo ya miaka 10, tena tukijifanya haitapanda hata senti moja, 12,400. Jumla 51,100. Mmelala wiki 10. Kila wiki imewagharimu dola 5,110, yaani 730 kwa usiku, na bado hamjanunua tikiti hata moja ya Disney. Ukiifikisha miaka 20 kama alivyofanya yule bwana, inakuwa 63,500, wakati hoteli aliyowatishia nayo ilikuwa 50,000. Karatasi yake haikuwa na uongo wa namba. Iliacha namba mbili tu, riba na ada.

Na ada hiyo hupanda. Wastani wake Marekani umeshavuka dola 1,000 kwa mwaka, na inadaiwa msipokwenda, mkiugua, mkihamia Lamu. Juu yake kuna tozo maalumu, pale paa linapong'oka au lifti inapokufa. Mwaka 2004 vimbunga Charley, Frances na Jeanne vilipita Florida ya kati ndani ya miezi miwili. Paa la hoteli ya wamiliki hulipwa na wamiliki, kwa bima yao na kwa mifuko yao.

Kuhusu rasilimali: rasilimali ni kitu ambacho kesho kuna mtu atakitaka. Mume wako aingie mtandaoni usiku huu, atafute wiki za taimushea za Orlando zinazouzwa na watu binafsi. Atakuta zinazotolewa kwa dola 1, na nyingine mwenyewe anasema atalipa hata gharama za kuhamisha hati, mradi mtu amtue mzigo. Hapo sihitaji kumwongezea neno. Watoto nao hawalazimishwi kurithi, wanaweza kuukataa urithi kisheria, lakini mzazi gani anamwachia mwanawe kitu ambacho busara yake ya kwanza itakuwa ni kukikataa?

Hili la kuingia Disney mapema limenichekesha, halafu likaniudhi. Nusu saa ya kuingia kabla ya umma ni ya wanaolala hoteli za Disney yenyewe na hoteli chache zilizoteuliwa. Wanaolala hoteli za Disney pia wanaegesha gari bure kwenye bustani zake, na wananunua nafasi za njia ya kulipia ya kuruka foleni siku 7 kabla, wengine wengi siku 3. Jirani ni jirani, si mwenye nyumba. Hata ujirani wenyewe upime: ardhi ya Walt Disney World ni takriban kilomita za mraba 100. Unaweza kulala ukutani pake na bado ukaendesha gari nusu saa ukiwa na watoto wanaouliza tumefika. Ukifika Magic Kingdom, bustani ile ya tangu mwaka 1971, unaegesha upande huu wa ziwa, halafu unapanda feri au treni ya reli moja kuvuka. Nani alikuahidi hilo la kuingia mapema? Liko ukurasa wa ngapi? Mikataba mingi ya namna hii ina kifungu kinachosema mnunuzi hakutegemea ahadi yoyote ya mdomo. Kitafute, kimo.

Nisije nikaonekana mnafiki. Vyumba ni vizuri, ninavijua, nimevisugua. Kwa familia ya watu sita yenye bibi na mtoto wa miaka miwili, sioni malazi bora kuliko hayo kando ya bustani za burudani. Jiko linawaokoa na foleni za chakula, mashine ya kufulia inawaokoa na masanduku. Ila vinapangishwa! Wamiliki wengi hupangisha wiki zao ili tu wapate ile ada, na kwa miezi isiyo na msongamano bei hushuka hapo au chini yake. Mnaingia kama mabwana, mnatoka asubuhi ya kuondoka, paa likivuja si lenu. Mwakani mkitaka kumleta mama tena, pangeni kwa mtu mwenye wiki. Wifi yako mwenyewe anayo, na imemchosha.

Sasa tuje kwenye haya, maana barua yako yote imeandikwa na haya, sheria umeikumbuka mwishoni.

Sisi tumelelewa kwamba aliyekupa maji ya kunywa ana haki kwako. Umekaribishwa, umekirimiwa, kuondoka bila kitu mkononi mwa mwenyeji ni ufidhuli. Ni malezi mazuri na sitaki uyaache. Lakini ukarimu una mwenyeji na mgeni, na pale hapakuwa na mwenyeji. Palikuwa na duka. Muuza nguo Mombasa naye hukuwekea kiti, hukuagizia soda, hukuita mwanangu, hukufungulia leso arobaini sakafuni, nawe huwa unasema "sijapata niliyoitaka" na unatoka, tena anakuombea heri. Pale hukuwa na haya kwa sababu unaijua michezo yake. Orlando ulibadilishiwa vifaa tu. Kengele badala ya leso, kahawa badala ya soda. Simulizi ya mama mgonjwa yawezekana ni ya kweli, sitamsingizia mzee wa watu. Lakini aliitoa wakati aliochagua, kwa mtu aliyemchagua, baada ya kuuliza mama yenu ana umri gani. Kile kikao hudai mume na mke waje pamoja kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akiwa peke yake hujitetea kwa kusema "ngoja nikamuulize mwenzangu". Mkiwa wawili, kila mmoja anamwangalia mwenzake ili mwenzake akatae, na hakuna anayekataa.

Kwa hiyo mkiituma ile barua, yule bwana hamkumdhulumu. Sheria hiyo ipo kwa sababu watu wengi kama nyinyi walisaini asubuhi na kujuta jioni, na kampuni yake inaijua kuliko nyinyi.

Wifi. Hapa nenda polepole, maana likizo itaisha na wifi atabaki. Nimesoma mistari yako mara mbili na simwoni tapeli. Namwona mtu aliyenunua mwaka 2016, anayelipa ada kila mwaka kwa wiki asizozitumia, na ambaye kampuni imemwambia akileta watu atapewa pointi. Wiki aliyowapa aliilipia. Inawezekana kabisa alitaka kumfurahisha mama yake na pia kupata pointi, moyo wa mtu una vyumba viwili kama hiyo nyumba mliyolala. Ila la pili alipaswa kulisema kabla hamjapanda gari, na hilo una haki ya kuumia.

Usizungumze naye wewe. Ni dada ya mume wako, mume wako amwambie, kwa simu, baada ya barua kutumwa na si kabla. Kabla ataanza kuwashawishi, na atapiga simu kwa mama. Amwambie: "Dada, tumeshukuru kwa wiki, mama amefurahi, lakini hesabu imetushinda, tumetengua." Pointi zake zitayeyuka na atanuna. Mwache anune. Na yake msiichukue, hata kwa bure, hata kwa machozi, maana mkiandika majina yenu kwenye hati yake mnachukua ada yake yote ya mbele.

Lakini msimwache hivi hivi. Kama mkopo wake umeisha, aiulize kampuni yake moja kwa moja kama ina mpango wa kurudishiwa wiki na wamiliki wanaotaka kutoka. Kampuni kadhaa kubwa zinao, ingawa hawautangazi kwa kengele na makofi. Na ajihadhari na wanaopiga simu wakidai kuna mnunuzi tayari, au kwamba watamtoa kwenye mkataba ikiwa atatanguliza dola elfu kadhaa. Tume ya Biashara ya Marekani imekuwa ikiwaonya watu juu ya hao kwa miaka. Mtu aliyekwisha kuumwa mara moja ndiye wanayemtafuta.

Mama je? Wewe unaogopa Lamu nzima, mimi nadhani unamdhania mama vibaya. Mwanamke aliyelea watoto Lamu amenunua na kurudisha vitu vingi kuliko wewe. Mwambieni kwa lugha yake: tulinunua, tukaifua, ikachuja rangi, tumeirudisha dukani pesa zikiwa salama. Wala msimwambie mlitapeliwa, atalia kwa sababu ya kumhurumia mwanawe. Ujumbe wa sauti wa pili atautuma yeye mwenyewe, na nina hakika utakuwa mrefu kuliko wa kwanza.

Mmebakiwa na siku mbili. Posta asubuhi, kisha mkitoka posta mpelekeni Animal Kingdom, bustani ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na waliokibuni walichota kutoka Lamu. Mama atakuta kuta zilizobanduka rangi makusudi, vibao vya Kiswahili, na safari ya gari kwenda kuwaona twiga na simba iitwayo Kilimanjaro. Mwekeni mbele mumsikilize atakavyokosoa milango. Mtoto wa miaka 2 haingii kwa tikiti, wa 7 analipa bei ya mtoto, wa 11 kwao ni mtu mzima, ndivyo wanavyohesabu kuanzia miaka 10. Mkodishieni mama kiti cha magurudumu hata kama atakataa getini, saa mbili baadaye atashukuru. Ni Julai, mnajua joto lilivyo, na mchana mvua ya radi hushuka karibu kila siku na michezo ya nje husimamishwa. Ndipo ujirani wenu unapolipa: rudini adhuhuri, watoto bwawani ikiwa hakuna radi, mama alale, mtoke tena jua likipoa.

Na kama tikiti ni ghali mno kwa siku ya pili, kuna hoteli ya Disney karibu na bustani hiyo, Animal Kingdom Lodge. Wasiolala pale wanaruhusiwa kwenda kula. Sehemu moja inaitwa Jambo House, nyingine Kidani Village, mikahawa yake ni Jiko, Boma na Sanaa, na mbele ya Sanaa kuna pundamilia wanaokula majani. Wekeni nafasi mapema. Kidani, mwambie mume wako, nayo ni taimushea, ya Disney wenyewe, na mikataba yake inakwisha mwaka 2057. Hata wenye bustani hawakuthubutu kuuza milele.

Kesho posta ikifungua uwe mlangoni. Ukishatoka nitumie picha ya risiti, nisome muhuri wa tarehe. Mpaka niione, na mimi usingizi umenipaa.

Mjomba wako